Kusi ikikufungia Dar: jinsi ya kusubiri bahari itulie ukiwa katikati ya safari

Kama umetoka Tanga au Pangani na mashua, unashuka kusini kwenda Mafia, Kilwa au mpaka Mtwara, alafu umefika Dar ukakuta kusi, ule upepo wa kusini, imekaza, basi jua hapo utalala. Inaweza ikawa siku 2, inaweza ikafika 10. Sisi mwezi wa 7 tulikaa siku 11, mimi, mjomba wangu ambae ndo nahodha, na vijana watatu, mashua ya tanga yenye injini ndogo ya kusaidia, na ndani ya hizo siku 11 kuna siku moja tulitoka wakati hatukutakiwa kutoka, ntaieleza mbele. Naandika haya kwa yeyote atakaekwama hapa kwasababu naona watu wengi kusafiri wanajua ila kusubiri hawajui, wanakaa tu wanatazama mawingu, hela inaisha, wanaanza kugombana, siku ya 5 wanang'oa nanga kwa hasira na sio kwamba bahari imeruhusu.

Kwanza elewa nini kimekufunga. Kusi inaanza kupanda mwezi wa 4, ukali wake ni wa 6 mpaka wa 8, inatoka kusini na kusini mashariki. Alafu kuna mkondo wa bahari kwenye pwani yetu, huo unaelekea kaskazini na kipindi cha kusi unakimbia zaidi. Kwahiyo mtu anaetoka Dar kwenda Tanga anasukumwa na vyote viwili, wewe wa Kilwa vyote viwili viko usoni, utapiga bisho, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, kutwa nzima na jioni ukigeuka nyuma maghorofa ya Posta bado unayaona. Wakati wa kaskazi, mwezi wa 12 mpaka wa 3, upepo unakuwa nyuma yako ila sasa unapingana na ule mkondo, na vikikutana mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama wima, chombo kidogo kinapigwa vibaya. Masika nayo ina mambo yake, mvua na radi na upepo wa ghafla unaotoka upande usioutegemea. Yaani hakuna mwezi ambao utasema mimi sitakwama, kwahiyo siku za kukwama ziwekwe kwenye hesabu kabla hujatoka nyumbani.

Wapi ukae. Mashua ya mizigo itaenda gati la majahazi bandarini, utalipia na utafuata taratibu zao, na ukiwa na mzigo hiyo ndo njia. Ukitia nanga ndani ya mlango wa bandari usikae njia ya meli wala njia ya pantoni la Kigamboni, usiku weka taa nyeupe juu, inayoonekana pande zote, sio tochi ya simu uliyofunga kwenye mlingoti. Kama huna mzigo na chombo ni kidogo, ghuba ya Msasani ni nzuri kipindi cha kusi kwasababu inatazama kaskazini na ile rasi inakukinga, ila kaskazi ikivuma ghuba hiyo hiyo inabaki wazi na utayumba usiku kucha. Ukifika pale au Kunduchi, kabla hujashusha hata ndoo, nenda kawasalimie wazee wa pwani na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, waambie mmetoka wapi, mnaenda wapi, mko wangapi. Sio suala la adabu peke yake. Hao ndo watakaokuonyesha penye mwamba na penye mchanga, na usiku wakisikia injini ya boti inafunguliwa watajua kama ni yako au ni mwizi.

Bongoyo na Mbudya watu wanavitamani kwasababu ukijibanza nyuma ya kisiwa maji yanatulia, lakini hivyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, kuna kiingilio, hutupi nanga juu ya matumbawe, na maji ya kunywa huyapati. Kwa kupumzika masaa machache sawa, kwa kukaa wiki hapana.

Nanga sasa, hapa naomba usome polepole maana ndo panapopoteza vyombo vya watu. Dar siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mtu anafika maji yamepwa, anapima kina mita 3, anatoa kamba mita 15 anaona ametosha, mara 5 ya kina kama alivyofundishwa. Usiku maji yanajaa, kina kimekuwa mita 6 na zaidi, ile kamba sasa ni kama mara mbili na nusu tu, nanga inavutwa kwenda juu badala ya kulala, chombo kinaanza kuburura nanga watu wamelala. Hesabu kina cha maji yakiwa yamejaa, sio cha ulipofika. Upepo mkali toa mara 7, yaani kwa mfano huo mita 42, na kama una cheni hata mita 5 funga mwanzoni kwenye nanga iilaze chini. Mahali kamba inaposuguana na ubao wa omo, yaani mbele ya chombo, zungushia kipande cha mpira wa maji au matambara, na kila ukiamka badilisha kidogo sehemu inayosuguliwa. Kisha chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mfano mnazi na kona ya nyumba nyuma yake, vikiachana wakati upepo haujageuka ujue nanga inatambaa, usisubiri kuhakikisha mara ya pili.

Wengine wanaona bora wapandishe chombo mchangani. Ni sawa kwa mashua isiyo na mzigo, ila kipandishe maji ya bamvua ukijua kwamba bila bamvua nyingine hakitoki, kikipwelewa maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, utakaa hapo karibu wiki nzima hata bahari iwe shwari kama sahani. Na tia magadi, zile nguzo za kuegemeza chombo, pande zote mbili, chombo kikilala ubavu mbao zinaachia kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa.

Habari za hali ya hewa. Asubuhi ya kwanza kabisa angalia TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri na tahadhari za siku 5 na ramani yenye rangi, manjano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Maneno utakayoyaona sana kipindi cha kusi ni upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kilomita 40 kwa saa ni kama noti 22 kwa kipimo cha mabaharia, kwa mashua ya futi 30 hiyo ni siku ya kukaa, hata kama rangi ni ya manjano tu na meli kubwa zinatoka. Jambo ambalo watu wanalikosea ni majina ya maeneo. Wakisema pwani ya kaskazini humo kuna Tanga, Dar, mkoa wa Pwani pamoja na Mafia, Unguja na Pemba. Pwani ya kusini ni Lindi na Mtwara. Kilwa iko Lindi. Kwahiyo anaetoka Dar kwenda Kilwa anapita maeneo yote mawili, asome yote mawili, sio aone Dar imetulia akatoka alafu akakutane nayo mbele ambako hana pa kuingia.

Windy kwenye simu nayo inasaidia, ila usiangalie upepo wa wastani peke yake, angalia na ule wa kupiga ghafla, na angalia mawimbi yanatoka upande gani na yanapishana sekunde ngapi. Mita 2 zinazopishana sekunde 12 unapanda na kushuka, mita 2 zinazopishana sekunde 5 zinakuvunja.

Alafu toka ukaone kwa macho. Usiihukumu bahari ukiwa umesimama Magogoni, pale mlango ni mwembamba na ndani maji yametulia hata siku mbaya. Chukua bodaboda nenda Coco Beach au Ocean Road, pale unatazama bahari wazi. Simama kama saa 5 asubuhi, usiende saa 12 maana alfajiri umande, yaani upepo mwepesi, unatoka nchi kavu na bahari inadanganya, saa 5 ndo kusi inaamka. Ukiona povu jeupe limetapakaa kila mahali mpaka upeo wa macho, rudi kajipikie.

Na wasome wavuvi, ila wasome vizuri. Mimi mwanzo nilikuwa nahesabu boti zilizobaki ufukweni, nikiona nyingi nasema bahari mbaya. Mzee mmoja pale Ferry, soko la samaki, akanambia mwanangu leo mwezi mkubwa, wa dagaa hawatoki mbalamwezi, wanataka giza taa zao zifanye kazi. Na Ijumaa asubuhi wengi wanapumzika kwa ajili ya sala. Kwahiyo boti kulala ufukweni sio lazima iwe upepo, uliza kwanini. Vilevile ukiona boti kubwa ya faiba yenye injini ya nguvu imetoka usijilinganishe nayo, tafuta chombo kama chako, tanga kama lako, uone yeye anafanya nini. Bei ya samaki mnadani nayo inasema, ikipanda siku 3 mfululizo ujue watu hawaendi mbali.

Sasa ile siku yetu. Ilikuwa siku ya 5. Mwenye mzigo alikuwa anapiga simu asubuhi, mchana, jioni, anasema wenzenu wameshafika nyie mmelala Dar mnakula hela yangu. Vijana nao wamechoka, mmoja mkewe anakaribia kujifungua Mtwara, anataka kufika. Asubuhi ile upepo ukalegea, jua zuri, mjomba akatazama, akasita, simu ikalia tena, akasema haya. Tukatoka saa 4. Tulivyopita mlango tu tukaona kosa, upepo ulikuwa umelegea ila mawimbi ya siku 4 zilizopita yalikuwepo yote, na kusi ikaamka saa 6 ikatukuta tuko nje. Maji yaliingia juu ya omo, watu wawili wanafua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, muda wote, tanga likachanika, injini ikanywa maji ikazima. Tulirudi na nusu ya tanga, tumefika giza linaingia. Hakuna alieumia, Alhamdulillah. Yule kijana wa Mtwara alikaa ngamani, chini ndani ya chombo, analia na hatukumwambia kitu, kila mtu alikuwa na lake.

Usiku ule mjomba akaweka sharti, na hili ndo ningependa ulichukue hata kama mengine utayaacha. Sharti la kutoka linawekwa siku unayoingia bandarini, kabla hujachoka, na linasemwa mbele ya wote. La kwetu, japo tulichelewa kuliweka, lilikuwa hivi: TMA wasiwe na rangi kwa siku ya kutoka na ya kesho yake, tuone bahari asubuhi mbili mfululizo saa 5 bila povu jeupe, na watu wote watano wakubali. Mmoja akisema moyo wangu mzito, hatutoki na haulizwi sababu. Simu ya mwenye mzigo ikapewa mtu mmoja tu wa kuijibu, mimi, na jibu likawa moja, tutakupigia siku ya kutoka. Ukishakuwa na sharti lililosemwa mapema, yule nahodha habishani tena na mtu, anaonyesha tu masharti bado hayajatimia. Bila hivyo kila asubuhi ni kikao kipya na kila kikao kuna mtu anaumia.

Na usikubali wazo la bandari bubu, ile isiyo rasmi. Utaambiwa kama hapa wamezuia twende tukatokee kule pembeni hakuna mtu. Waliozuia wamezuia kwasababu ya upepo ule ule utakaokukuta huko pembeni. Tarehe 18 mwezi wa 7 mwaka 2012 MV Skagit ilitoka Dar kwenda Unguja, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, hali ya bahari ilikuwa mbaya, na ile ilikuwa meli ya abiria. Kila mwaka ukifika mwezi huo kuna nyumba Unguja na Dar zinasoma dua.

Kama ni kimbunga basi yote niliyosema ya kungoja kwenye nanga yafute. Zamani tulizoea kwamba vimbunga vinaishia Madagaska na Msumbiji, na vingi kweli vinaishia huko, lakini Kenneth mwezi wa 4 2019 ilipiga Msumbiji jirani kabisa na Mtwara, Jobo 2021 ikaja uelekeo wa huku ikafifia, na Hidaya tarehe 4 mwezi wa 5 2024 ikafika pwani yetu upande wa Mafia. Boti za Dar na Zanzibar zilisimama, na mvua yake ikakata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, kwahiyo hata aliesema naacha chombo napanda basi la Lindi alikwama. Ukisikia kimbunga kinakuja teremsha mzigo, shusha foromali, ile boriti inayobeba tanga, na tanga lenyewe, pandisha chombo juu kabisa au kiingize ndani ya mkono wa bahari penye mikoko ukifunge kamba pande nne, alafu watu wote watoke. Hakuna kubaki kulinda chombo.

Hela. Tenga akiba ya kungoja mbali na hela ya mafuta, fungu lake kwenye bahasha yake au laini yake ya simu, na mkubaliane na mabaharia kabla ya kuondoka nyumbani kwamba siku ya kulala bandarini posho ni kiasi gani, maana hilo lisiposemwa mapema ndo chanzo cha ugomvi wote. Dar inakula hela kimyakimya, ukianza kula kwa mama ntilie watu watano mara tatu kwa siku utashangaa. Pikeni wenyewe, unga, maharage, mchele, dagaa, nazi, ndimu, tende za kutosha. Siku mojamoja nunueni pweza na chapati Ferry mfurahi, sio kila siku. Maji ya kunywa na kupikia hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, watu watano ni lita 25, yaani dumu moja la 20 halitoshi, na usiguse kabisa maji ya akiba ya safari, yale yabaki yamefungwa.

Kazi zigawanywe. Hapa Dar ndo mahali pa kupata vitu, Kariakoo utapata plagi, mpira wa mafuta, kamba, turubai, uzi wa kushonea tanga, ukifika Kilwa utavitafuta. Sisi tulishona tanga siku 2, tukapiga kalafati sehemu mbili zilizokuwa zinalia maji, tukafungua injini tukaisafisha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi. Tanga likilowa mvua litandaze likauke siku hiyo hiyo, likikaa limeviringishwa na unyevu linaoza. Asubuhi kabla ya chai mtu afue maji, hata kama jana hamna mvua. Usiku zamu za masaa matatu, na injini ndogo ivuliwe ilale na watu. Jioni dhumna, kahawa na kashata, kila mtu apate siku yake ya kwenda mjini kuoga vizuri na kuona ndugu. Nimeona watu wanaomaliza siku 10 bila ugomvi ni wale ambao kila mmoja anajua kesho anafanya nini.

Nyumbani wapigieni kila siku saa ile ile hata kama hakuna jipya, tumelala Dar, tuko wazima. Mpe mtu mmoja wa nchi kavu majina ya wote waliomo, rangi ya chombo, na mahali mtakapoingia tena. Simu mbili zikae kwenye mfuko usioingia maji zimejaa chaji, na kama mna redio ya VHF iwe inasikiliza chaneli 16, ile ya dharura.

Siku ikifika, toka vizuri. Siku za bamvua maji ya Dar yanajaa mnamo saa 10 alfajiri, kisha yanaanza kutoka, kwahiyo ukiwa tayari saa 10 na nusu maji yanakutoa, umande uko nyuma ya bega la kulia, na una masaa karibu sita kabla kusi haijakaza. Ni saa nzuri kuliko zote kwa anaeenda kusini. Tahadhari moja, maji yakitoka kwa nguvu yakakutana na mawimbi yanayoingia, pale mlangoni panachafuka kwa muda, wavae maboya wote kabla ya mlango sio baada, na usikate mbele ya meli. Tanga ndogo kwanza. Usipange kufika Kilwa kwa siku moja, panga kuingia nyuma ya visiwa vya Kwale au Koma pale Kisiju, utie nanga, ulale, na alfajiri inayofuata uanze tena. Sisi siku ya 11 tuliingia nyuma ya Kwale, mjomba akashusha tanga, akamwambia yule kijana mpigie mkeo mwambie tumetoka Dar.